Ukuta Unaotoka Jasho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Joto na Unyevu, Moshi na Arusha

Kazi yangu ni ujenzi, na nyumbani nina kihamba, yaani shamba la nyumbani, chenye mibuni michache. Kila masika maswali ni yaleyale: ukuta umelowa, rangi imebanduka, kahawa haikauki, mahindi yameota ukungu. Kwa juu yanaonekana mambo mbalimbali. Kwa ndani ni jambo moja, joto na maji yanayopita pamoja kwenye vitu vyenye vinyweleo. Nimeyawekea namba ili nisirudie jibu. Ukiambiwa tazama namba fulani, katazame.

## Misingi

1. Tofali ni gumu kama jiwe. Linapitishaje maji?

Chukua tofali la kuchoma lililokauka, litumbukize kwenye ndoo ya maji, kisha tega sikio. Litachuruza mapovu kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Ile ni hewa inayofukuzwa na maji yanayoingia. Tofali la kilo 3 lililochomwa kienyeji linaweza kunywa karibu nusu lita bila kubadilika umbo. Tofali la saruji, plasta, mbao, udongo wa shamba, punje ya hindi na mtungi navyo ni hivyohivyo: ndani kuna njia nyembamba zisizoonekana kwa macho, na nyingi kati yake zimeungana.

2. Maji yanapandaje juu wakati kawaida yanateremka?

Yanashikamana na kuta za kitundu na kujivuta. Kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba ndivyo yanavyopanda zaidi. Kitundu chenye nusu kipenyo cha sehemu 1 ya 10 ya milimita hupandisha maji kama sentimita 15. Kikiwa chembamba mara kumi zaidi, maji hupanda mita 1 na nusu. Ndiyo maana utambi wa koroboi unafanya kazi, na ndiyo maana mchanga wa chembe kubwa au kokoto chini ya jamvi (zege la sakafu) huzuia unyevu: matundu yake ni mapana mno, hayana nguvu ya kuvuta.

Hiyo ni njia ya kwanza, maji yakiwa maji. Njia ya pili ni mvuke: maji yanaruka kwenye vinyweleo vyenye hewa na kwenda zake bila kuonekana. Karibu kila tatizo utakalolisoma hapa chini lina njia zote mbili kwa wakati mmoja.

3. Joto linahusikaje? Si ni suala la maji tu?

Hapa ndipo mafundi wengi tunapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji yakigeuka mvuke hukopa joto, na mvuke ukigeuka maji hulilipa deni lote. Deni lenyewe si dogo. Lita 1 ya maji ikiruka kwenye joto la kawaida huchukua karibu kilojuli 2,450. Kwa joto hilo ungeweza kupoza karibu ndoo tatu za lita 20 kwa nyuzi 10. Kwa hiyo popote maji yanapokauka panapoa, na popote mvuke unapoganda kuwa maji panapata joto. Mvuke ni mpagazi: unachukua joto upande mmoja wa ukuta na kulitua upande wa pili.

Kuna jambo la pili. Hewa hupitisha joto kwa shida. Maji hupitisha zaidi ya mara 20 ya hewa. Ukuta mkavu vinyweleo vyake vina hewa, kwa hiyo unakukinga. Ukilowa, hewa imetolewa na maji yameingia, na joto linapita kwa urahisi. Ukuta uliolowa ukauguse mwezi Julai: ni baridi kwa sababu unakausha maji, na ni baridi tena kwa sababu unakunyonya joto la mkono.

Wataalamu walihangaika na hesabu hii muda mrefu. Mwaka 1957 J. R. Philip wa Australia na D. A. de Vries wa Uholanzi walieleza kitu kilichokuwa kikisumbua kwenye udongo: mvuke ulikuwa ukienda haraka kuliko hesabu ya kawaida ilivyotaka. Maelezo yao ni mazuri sana. Ndani ya vinyweleo kuna vidaraja vidogo vya maji. Ungedhani vinaziba njia. Kumbe mvuke unaganda upande mmoja wa kidaraja, na upande wa pili maji mengine yanaruka kuwa mvuke na kuendelea na safari, kama watu wanaopokezana ndoo kwenye mstari.

4. Basi unyevu unaenda upande wa joto au wa baridi?

Mvuke kwa kawaida hutoka penye joto kwenda penye baridi, kwa sababu penye joto unasukuma zaidi. Maji yenyewe hutoka palipolowa kwenda palipokauka. Mara nyingi pande hizo mbili zinapingana: mvuke unakwenda kwenye baridi, unaganda, palipo baridi panalowa, kisha maji yanajivuta kurudi kwenye joto. Kitu kikiwa kimefungwa, mzunguko huo hauishi.

## Nyumba

5. Ukuta umelowa kuanzia chini hadi gotini au kiunoni. Ni mvua au ni ardhi?

Tazama mstari wa juu wa doa. Ukiwa umenyooka kuzunguka chumba, hayo ni maji ya ardhini yanayopanda (namba 2). Likiwa doa la mviringo au mchirizi, tafuta bomba, dirisha au gata.

Maji ya ardhini hayapandi hadi darini kwa sababu njiani yanakauka. Mstari unasimama pale ambapo kinachopanda kinalingana na kinachoruka. Sasa mtu anaona doa, anabandika vigae au rangi ya mafuta mita moja ya chini. Amezuia kuruka, hajazuia kupanda. Baada ya msimu mmoja doa linatokea juu ya vigae. Dawa ya kweli ni nailoni nzito au lami juu ya msingi, ile mafundi wanaiita DPC, na ilipaswa kuwekwa kabla ya tofali la kwanza. Kama haikuwekwa, anza na cha bei rahisi: ondoa udongo uliorundikwa ukutani nje, chimba mtaro, na maji ya bati yasimwagike kwenye msingi.

Kama bado huna uhakika, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, uache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, yanatoka kwenye hewa ya chumba, na shida yako ni ya namba 8.

6. Unga mweupe unaotoka ukutani ni nini?

Chumvi. Maji yalipita kwenye udongo, tofali na saruji, yakaziyeyusha, yakafika usoni yakaruka. Chumvi haina mbawa, imebaki. Ikitoka usoni ni uchafu tu: isugue kwa brashi kavu. Usiimwagie maji, utairudisha ndani. Ikikomea nyuma ya plasta au rangi ndipo ina madhara, kwa sababu inakua kama fuwele na kuivunja plasta kutoka ndani.

7. Kwa nini ukuta wa kusini ndio unaoota ukungu kila mwaka?

Swali hili huulizwa Moshi na Arusha kote, na jibu liko angani. Tuko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 3 na kidogo. Kuanzia karibu 21 Machi hadi karibu 23 Septemba jua linapita upande wetu wa kaskazini mchana kutwa, toka linachomoza hadi linazama. Miezi hiyo sita ukuta wa kusini haupigwi na jua moja kwa moja hata dakika moja.

Sasa linganisha na kalenda ya mvua. Masika ni Machi hadi Mei, na baada yake inakuja baridi na mawingu ya Juni na Julai. Pepo za msimu huo zinatoka kusini mashariki, zinapanda miteremko ya kusini ya Kilimanjaro na Meru, na ndiko miji yetu iliko. Ukuta wa kusini unalowa katika miezi ileile ambayo hauna jua la kulipia deni la namba 3. Unakaa umepoa, na ukuta uliopoa unavuta mvuke wa ndani kuganda juu yake.

Ndiyo maana sipendi kabati la nguo lililobanwa kwenye ukuta wa kusini. Liache angalau upana wa kiganja lipumue. Na upenu wa bati upande huo uongeze. Hapo nakataa kabisa kubana hela.

8. Bati linadondosha maji alfajiri, na mvua haikunyesha. Limetoboka?

Halijatoboka. Usiku usio na mawingu bati linapoteza joto lake kwenda angani na kuwa baridi kuliko hata hewa inayolizunguka. Hewa ya ndani ina mvuke wa pumzi, sufuria na nguo zilizoanikwa. Hewa ya nyuzi 24 iliyobeba asilimia 70 ya mvuke inaoweza kubeba huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 18. Bati la Arusha usiku wa Julai linashuka chini ya hapo mapema tu.

Acha matundu ya hewa juu ya dari, pande mbili zinazotazamana. Na jiko la chakula liwe na njia ya kutolea mvuke nje, usipande darini.

9. Nyumba mpya, nisubiri muda gani kabla ya rangi?

Hesabu maji. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unachanganywa na maji kama lita 25. Takriban nusu yanafungwa ndani ya saruji yenyewe inapokomaa. Nusu nyingine, lita 12 hivi kwa kila mfuko, hayana kazi tena na sehemu kubwa lazima itoke kupitia vinyweleo. Mifuko 100 ni zaidi ya lita elfu moja, bila kuhesabu uliyomwagilia.

Plasta isubiri angalau wiki 4, na masika zidisha. Jamvi ni gumu zaidi: kanuni ya zamani ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene, madirisha yakiwa wazi. Anayetaka kuhamia Krismasi asipige plasta Novemba.

10. Rangi imefanya malengelenge. Rangi ilikuwa feki?

Huenda, lakini kabla ya kumlaumu muuza duka, toboa lengelenge moja. Mimi nilitoboa la kwangu. Nilikuwa nimepaka rangi ya mafuta ukuta wa jiko letu pale Rau, mwezi Mei, kwa haraka, kwa sababu kulikuwa na ugeni wa kipaimara. Ukuta kwa mkono ulionekana mkavu. Julai yalitokea mapovu ya ukubwa wa sarafu, mengi upande unaopigwa na jua. Nilipochoma kwa msumari yalitoka maji, nikayaonja. Yalikuwa na chumvi. Mke wangu alisema rangi imetokwa na machozi kwa sababu imeona bei yake.

Kilichotokea ni hiki: uso ulikauka, ndani bado kulikuwa na maji. Rangi ya mafuta ikaziba mdomo wa vinyweleo. Jua likapasha ukuta. Mvuke wa maji kwenye nyuzi 50 husukuma zaidi ya mara tano ya mvuke wa nyuzi 20, na ukikosa mlango unatengeneza wake. Ukuta wenye unyevu upake rangi ya maji, ile inayopumua. Ya mafuta isubiri.

11. Nyumba ya mama ni ya udongo. Niipige plasta ya saruji idumu?

Nakushauri usifanye hivyo. Saruji ni ngumu na udongo ni laini, kwa hiyo plasta itapata nyufa. Mvua itaingia kwenye ufa, na saruji itazuia isitoke. Udongo wa nyuma utageuka tope taratibu, wewe unaona ukuta mzuri. Piga udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi, au chokaa, na tumia hela ya saruji kurefusha paa. Ukiniuliza tena kuhusu vigae kwenye ukuta huohuo, jibu ni lilelile.

## Jikoni na shambani

12. Mtungi unapozaje maji bila umeme?

Maji kidogo yanapenya, yanaruka usoni, yanachukua joto (namba 3). Mtungi ulionakshiwa kwa rangi ya mafuta ni pambo, haupozi.

13. Naweza kujenga chumba cha mkaa cha kuhifadhia mboga?

Ndiyo: fremu ya mbao, wavu pande mbili, mkaa katikati, maji yakidondoka juu yake. Ila fahamu mpaka wake. Mchana wa Februari, hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 40, hakitashuka chini ya nyuzi 19 hivi hata ukimwaga mto mzima. Katikati ya masika, nyuzi 24 na unyevu asilimia 90, utapata 22 na kitu, yaani karibu bure. Hewa iliyoshiba haina nafasi ya kukopesha. Nyanya na mchicha vitakushukuru wakati wa kiangazi. Maziwa na nyama tafuta njia nyingine.

14. Kwa nini kahawa yangu inakauka nje na ndani bado mbichi?

Kwa sababu kukausha kuna hatua mbili. Siku za kwanza uso wa punje bado umelowa. Maji yanaruka usoni na yanapokewa na mengine kutoka ndani kwa kasi ileile. Punje inabaki ya baridi hata juani. Kisha uso unakauka, maji yanarudi nyuma ndani, na sasa lazima yatoke kama mvuke kupitia njia ndefu nyembamba. Kasi inashuka. Hapo kuongeza jua kali hakusaidii: ganda linapasuka na punje inapata joto, lakini maji ya katikati hayana habari.

Kwa hesabu, kilo 100 za kahawa yenye ganda ikitoka kuoshwa na asilimia 55 ya maji, ukiishusha hadi asilimia 11, unabaki na kilo 50 na kidogo. Karibu kilo 49 za maji zimeruka. Joto lake ni sawa na la kilo 4 za mkaa ambazo hazikupotea hata chembe, na zote hizo umezipata kwa jua na upepo.

Kwa hiyo meza iwe ya wavu ili hewa ipite chini pia, safu iwe nyembamba, igeuzwe mara kwa mara. Funika saa za jua kali la mchana, na funika usiku umande usirudishe ulichotoa. Mzee mmoja jirani yangu anauma punje kusikiliza inavyovunjika na kukutajia unyevu wake. Mashine ya kupimia ni ya uhakika zaidi, lakini sijawahi kumwambia.

15. Mahindi niliyaanika yakakauka, gunia likaota ukungu juu. Nani aliyaloweka?

Yamejiloweka yenyewe. Katikati ya lundo kunabaki na joto, pembeni na juu panapoa usiku. Mvuke unatoka katikati kwenda kwenye baridi (namba 4) na kuganda pale. Kwa wastani mahindi yako yanaweza kuwa makavu kabisa, huku punje za juu zikiwa zimelowa vya kutosha kuota ukungu. Na ukungu wa mahindi si wa kufutwa kwa kitambaa: aina nyingine hutoa sumukuvu, na haiondoki kwa kupika.

Yafikishe asilimia 13 kabla ya kuhifadhi, na yaache yapoe kwanza. Usifunge gunia la moto moja kwa moja kutoka turubaini. Huna kipimo? Weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Gunia lisiguse ukuta wala sakafu. Liweke juu ya chaga. Nasema chaga ya mbao, maana Moshi hapa lazima ufafanue.

16. Kuni mbichi zinapoteza moto kiasi gani?

Kukausha maji kwenyewe hakuli sehemu kubwa kama watu wanavyodhani. Ubaya ni kwamba ukuni hauwezi kupanda joto vizuri palipo na maji, kwa hiyo gesi zake zinatoka bila kuungua. Huo ndio moshi unaokutoa machozi.

## Maswali ya pembeni

17. Tofali lililipuka tanurini. Kuna jiwe ndani?

Mara nyingi ni maji. Tofali bichi likipashwa moto haraka, maji ya ndani yanakuwa mvuke kabla ya kupata njia, na kinachoshindwa kutoka kinavunja. Kausha kivulini chini ya nyasi kwanza, kisha anza na moto mdogo kwa saa nyingi. Jua kali siku ya kwanza nalo ni kosa: uso unasinyaa kabla ya ndani, tofali linapata nyufa. Ni ileile hadithi ya namba 14.

18. Kwa nini chini ya jiwe shambani kuna unyevu hata kiangazi?

Usiku uso wa ardhi unapoa kuliko ardhi ya chini, mvuke unapanda kutoka chini, unakutana na jiwe la baridi na kuganda. Jiwe pia linazuia usiruke mchana. Matandazo ya majani ya migomba kihambani hayagandishi kama jiwe, lakini yanazuia vilevile na kuufanya udongo usipate joto kali.

19. Jua linaweza kuingiza unyevu ndani badala ya kuutoa?

Linaweza, na wengi hawaamini. Ukuta umelowa kwa mvua ya saa nane, saa tisa jua linaupiga. Uso wa nje sasa ni wa moto, ndani ni baridi, na mvuke unaenda kwenye baridi. Sehemu unatoka nje, sehemu unasukumwa chumbani. Ukiwa umeweka nailoni au karatasi ya ukutani isiyopumua upande wa ndani, utakuta matone nyuma yake.

20. Arusha maji huchemka karibu nyuzi 95. Ina maana vitu vinakauka haraka zaidi huko?

Kidogo. Kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi, na mvuke unapenya katikati yake kwa urahisi zaidi kuliko pwani. Lakini Arusha ni baridi zaidi: hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, ya nyuzi 20 inabeba 17 tu, na tofauti hiyo inameza faida yote ya mwinuko. Kanga iliyoanikwa Moshi saa nne inakunjwa mchana. Ya Arusha, mwezi Julai, inaweza kulala kwenye kamba.